Idman na Saa za Kufuturu

Kwa Idman, mtu huingia na swali kabla ya salamu.

"Idman, jana tumefuturu mapema ama tumechelewa?"

"Wa alaykum salaam, adeer, ami yangu," hujibu Idman, ingawa hajasalimiwa na mtu, na vidole vyake haviachi kugonga kibodi.

Duka lake ni chumba kimoja cha mabati, kando ya barabara itokayo sokoni Garissa kuelekea Galbet. Ndani mna kompyuta moja yenye skrini ya kijani, printa inayolia kama mbuzi aliyekanyagwa, na mashine ya zamani ya kupiga chapa ambayo herufi moja imeng'oka, ikabidi wateja wazoee. Hapo Idman hupiga chapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi, hati za watu waliouziana ng'ombe, na mitihani ya shule za msingi. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Lakini uliza mtu yeyote mjini katika miaka ile ya tisini, kuanzia muuza maji wa mkokoteni wa punda hadi imamu, Idman anafanya kazi gani. Wote wangekwambia: huyo ndiye mwenye saa za kufuturu. Na kwa hiyo kazi ya pili, ambayo mji mzima unaijua, hakuwa amewahi kupata hata soda.

Ilianza na mama yake, hooyo Shamso. Mwezi wa Ramadhani hooyo Shamso alikuwa akikaa nje kwenye jamvi, tende mkononi, macho magharibi. Msikiti wa mtaani kwao ulifuata ratiba iliyochapwa Nairobi, na jua, ukitaka kujua, halina adabu ya kungojea mji mkuu. Garissa linazama kabla ya Nairobi. Mandera linazama mapema zaidi. Basi hooyo angeliona jua likiingia lote, jekundu, hadi ukingo wa mwisho, halafu angesubiri adhana. Asubiri. Asubiri tena.

"Jua limeingia," angesema. "Nimeliona kwa macho yangu haya. Kwani watu wa Nairobi bado hawajamaliza kulitumia?"

Watoto wake wangecheka mpaka wasahau kiu. Mwaka uliofuata, kabla mwezi haujaandama, hooyo Shamso akafariki.

Wakati huo Idman alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya misaada. Ofisi ilikuwa na kompyuta ambayo wakubwa waliitumia asubuhi tu, na kitabu cha kujifunzia kuandika programu ambacho jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa. Wenzake wakienda kula, Idman alibaki. Alianza kwa kuifundisha kompyuta ijumlishe, kisha ihesabu siku, kisha, baada ya kuomba kitabu cha jiografia kwa mwalimu wa sekondari, akaifundisha jua. Unaandika jina la mji na tarehe, nayo inakupa alfajiri, kuchomoza jua, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha ya pale pale ulipo. Akaiita "Afur", ambalo ndilo neno la Kisomali la futari. Na ukiifungua, jambo la kwanza unaloliona kwenye skrini ni maneno haya:

"Hii ni sadaka kwa ajili ya mama yangu, Shamso Keynan. Chukua. Gawia wengine. Rekebisha upendavyo. Usiuze."

Ofisi ilipofungwa na wenyewe kurudi kwao, walimwachia Idman ile kompyuta badala ya kiinua mgongo. Akafungua duka. Na watu wakafanya kama walivyoambiwa: wakachukua, wakagawia wengine.

Ajabu ni jinsi kitu kinavyosafiri. Programu nzima ilitosha kwenye disketi moja. Disketi ikafungwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sukari ili vumbi lisiingie, ikapewa dereva wa lori, lori likajiunga na msafara wa polisi, na baada ya siku kadhaa za mashimo na mchanga ikafika Wajir. Kule Wajir kulikuwa na Noordin, karani wa duka la jumla, mtu asiyeweza kuona kitu bila kukiongezea kitu. Akaongeza vijiji vyote vinavyozunguka Wajir, hata vile vyenye nyumba mbili na kisima. Ikafika Banissa, kwenye zahanati iliyokuwa na kompyuta ya kuwekea takwimu za chanjo, inayotumia umeme wa jua. Muuguzi wa pale, Rukiyo, akayageuza maneno yote kuwa Kisomali. Ikafika Balambala, Masalani, Mandera. Kila mtu akawa na Afur yake, na zote zilikuwa dada, ila kila moja imevaa nguo tofauti.

Na matatizo yote yakarudi kwa Idman.

Mzee mmoja wa kijiji kilicho nyuma ya kilima alituma ujumbe mkali: kwake jua linapotea mapema, kompyuta inadanganya. Idman akamwandikia kwa upole kwamba kompyuta haioni kilima. Mzee akajibu kwamba hilo ni kosa la kompyuta, si la kilima. Mama mmoja alikuja dukani akimvuta mumewe kwa mkono wa kanzu, kwa sababu mume amefuturu mapema na anasingizia Afur. "Mwambie mbele yangu," akasema mama. "Mwambie kama ni mashine ama ni njaa." Mwingine aliingia kulalamika kwamba saa yake ya mkononi imesimama, kana kwamba hata hiyo ilikuwa ya Idman. Wakati huo wote mteja wa barua ya kazi yuko kwenye benchi, anajipepea kwa cheti chake, kisha anaondoka.

Mwaka wa kwanza Idman alifurahia. Nani asingefurahi? Ukitembea sokoni unasikia watu usiowajua wakimtaja mama yako na kumwombea. Mwaka wa pili alifurahia bado. Kufikia mwaka wa tisini na tisa, akisikia mtu akiita "Idman!" mabega yalikuwa yanapanda yenyewe hadi masikioni. Alikuwa akila chakula bila kujua ni chakula gani. Siku moja alipiga chapa kadi za harusi, akazichapa zote, akazifunga vizuri, na mteja akarudi nazo baada ya muda mfupi, uso umemjaa maswali.

"Idman, hapa umeandika Abdimalik atamwoa Fowsiya magharibi, halafu isha, Balambala na vitongoji vyake."

Akachapa upya kadi zote, kwa karatasi zake mwenyewe.

"Abaayo, dada yangu, hiyo si kazi tena," alisema Lul, mdogo wake, anayeuza maziwa ya ngamia asubuhi na sambusa jioni, na ambaye hana subira na mambo yasiyo na faida. "Hiyo ni homa. Unafuturisha mkoa mzima na wewe mwenyewe unafuturu kwa biskuti, umesimama."

"Nitapumzika Ramadhani ikiisha."

"Ulisema hivyo Ramadhani ile."

Mwezi wa Novemba ndipo lilipokuja jambo lenyewe. Redio zilikuwa zinazungumzia mwaka elfu mbili na jinsi kompyuta za ulimwengu zitakavyochanganyikiwa. Idman akaona si vibaya kujaribu. Akaibadilisha tarehe ya kompyuta iwe siku ya kwanza ya Januari, akaifungua Afur, akauliza magharibi ya Garissa. Skrini ikamjibu:

"Mwaka haujulikani. Rekebisha saa ya kompyuta yako."

Alijua mara moja ni nini, maana yeye ndiye aliyeweka. Kompyuta kuukuu, betri yake ikifa, husahau tarehe na kurudi mwaka wa themanini. Ili zisiwape watu ratiba ya uongo, Idman alikuwa ameweka mstari kama mlinzi wa getini: mwaka wowote ulio chini ya tisini na tano, ukataliwe. Na Afur iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Baada ya tisini na tisa kunakuja sifuri sifuri. Mlinzi akiitazama sifuri, ataifukuza.

Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa ianze mapema Desemba na kuingia Januari. Kwa maneno mengine Afur ingenyamaza katikati ya mwezi mtukufu, tena ndani ya kumi la mwisho, wakati watu hawataki mchezo kabisa.

Kuirekebisha ya kwake ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini zile dada zake? Akituma disketi mpya, Noordin atapoteza vijiji vyake na Rukiyo atapoteza Kisomali chake. Ingebidi kila mji umletee disketi yake, aifungue, aitafute ile sehemu kati ya vitu walivyoongeza, airekebishe, aijaribu, airudishe kwa lori. Halafu waanze kupiga simu. Idman aliwaza hayo yote huku amekaa. Akalia kidogo. Kisha akacheka kidogo. Kisha, saa nne asubuhi, siku ya soko, akafunga duka.

"Unaenda wapi?" akauliza jirani.

"Kuomba."

Akaenda kwanza kwenye ofisi moja inayofadhili miradi ya maendeleo. Akapokelewa na bwana mmoja mwenye shati safi sana kwa mji wenye vumbi kama Garissa. Alimsikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ni jambo zuri sana, dada. Sasa, nikitaka kupiga picha ya mradi wako, nitapiga picha gani?"

Idman akafikiri. "Watu wakifuturu."

"Wangefuturu hata bila wewe."

"Ndiyo. Lakini si saa ile."

Yule bwana akacheka, na Idman pia akacheka, maana ukweli ulikuwa mchungu lakini umesemwa kwa adabu. Angekuwa anataka kisima au choo, wangezungumza. Kitu kisichoonekana hakina pa kubandikwa kibao cha mfadhili.

Akaenda kwa wafanyabiashara wa mifugo. Hao walisimama kumpokea, wakamwagizia chai ya maziwa, wakanyanyua mikono wote kwa pamoja wakamwombea: Mungu amlipe, amrehemu mama yake, ampe Pepo ya juu kabisa. Idman akasema amiin. Akangoja. Wakamwongezea chai. Akatoka na tumbo limejaa chai na roho imejaa dua, na hakuna aliyegusa mfuko.

"Dua ninazo," alimwambia Lul jioni. "Zimejaa mpaka hakuna pa kulala. Basi. Naiacha. Mwaka ukiisha, nayo iishe. Kesho naenda kuwaambia."

Lul, aliyekuwa amelisema jambo hilo miaka miwili mfululizo, safari hii hakuchangamka. Alikuwa anakunja sambusa, akapunguza mwendo.

"Na jina la hooyo?"

Idman akavuta sinia, akaanza kukunja sambusa naye.

Kuwaambia watu wa mbali maana yake ilikuwa kwenda taar. Taar ni redio ya kuitia miji, yenye kipaza sauti mkononi na nyaya zilizotanda juu ya bati kama kamba za kuanikia nguo. Uzuri wake ni kwamba inafika Mandera bila barabara. Ubaya wake ni kwamba ukizungumza, kila aliyewasha redio kwenye masafa yale anakusikia, kwa hiyo watu huoana, hugombana na hukumbushana madeni mbele ya mkoa mzima. Taar ya mjini ilikuwa ya Gelle, mtu mnene, mchangamfu, ambaye herufi ya "p" haijawahi kupita mdomoni mwake.

"Idman! Leo unamwita nani?"

"Wajir na Banissa. Na mwingine yeyote mwenye Afur."

"Basi unaita dunia," akasema Gelle, akakamata kipaza sauti. "Garissa hapa, Garissa hapa. Wajir, umenibata? Banissa, umenibata? Ova."

Redio ikakoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya Noordin ikatoka kama mtu aliye ndani ya pipa. Wajir yupo. Baada ya muda Rukiyo naye akaingia kutoka zahanati. Idman akapewa kipaza sauti.

"Noordin, Rukiyo, ni mimi Idman. Afur itasimama mwaka ukiisha. Na mimi nasimama nayo. Siwezi tena. Nimechoka. Ova."

Ikaingia sauti ya mtu asiyejulikana, ya mbali sana: "Nani amesimama? Lori ya nani?"

"Si lori, wewe toka!" akafoka Gelle. "Wajir, jibu. Ova."

"Idman walaal, ndugu yangu," Noordin akasema, "utasimamaje katikati ya Ramadhani? Msikiti wote hapa unategemea wewe. Ova."

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani ya Idman, kitu kilichokuwa kimevutwa muda mrefu.

"Noordin, umenipigia simu miaka mingapi? Umewahi kuniuliza hata mara moja nimekula nini? Dizeli ya jenereta nanunua mimi. Wino nanunua mimi. Wateja wananikimbia. Kila mtu ananiambia Mungu akulipe, kana kwamba yeye hayumo! Ova."

Redio ilikoroma muda mrefu. Gelle alikuwa amegeuka anatazama ukuta, kwa heshima.

"Wallahi," akasema Noordin, na sauti ilikuwa imebadilika, "sisi tulichanga. Mwaka juzi. Msikiti mzima ulichanga kwa ajili yako. Halafu tukakaa, tukaangalia yale maneno yako ya kwanza kwenye skrini. Sadaka kwa ajili ya mama. Tukaulizana: tukimlipa huyu, si tutakuwa tumeinunua ile thawabu ya marehemu? Tumwibie mtu aliye kaburini? Tukaogopa. Hakuna aliyethubutu kukupa. Tukanunua mikeka ya msikiti. Ova."

"Mikeka?" Idman alisahau kusema ova.

"Mizuri. Ya kijani. Ova."

"Balambala hapa," ikaingia sauti nyingine bila kuitwa. "Hata sisi. Sisi tulinunua birika za kutawadhia. Ova."

"Na nyinyi Banissa?" akauliza Idman.

"Sisi tulikuombea tu," akasema Rukiyo. "Lakini kwa nguvu. Ova."

Idman akaketi kwenye gunia la Gelle. Wale wafanyabiashara na chai yao! Walikuwa wanamwonea haya mama yake. Watu wote hao, kutoka mtoni hadi mpakani, kila mmoja amekaa na kitu chake mkononi, anaogopa kumpa. Alianza kucheka, na kicheko kikawa kirefu, na Gelle akacheka kwa kuambukizwa, na mkoa mzima ukasikia.

"Sikilizeni," akasema alipopata pumzi. "Thawabu ni ya hooyo. Hakuna awezaye kuigusa, hata mkinijengea ghorofa. Lakini mgongo ni wangu. Macho ni yangu. Ova."

"Sawa," akasema Rukiyo. "Lakini na wewe una kosa, niliseme? Ova."

"Sema."

"Kwetu kuna kisima mtu alichimba kwa ajili ya baba yake. Maji hayalipiwi, ni sadaka. Lakini ukileta ngamia wako, unaleta kamba yako na ndoo yako, na zamu yako ikifika unateremka chini kutoa mchanga. Asiyeteremka, ngamia wake wanarudi na kiu. Mwenye kisima hatoi mchanga wa watu wote peke yake, atakufa mle ndani! Wewe ulituambia tuchukue na tugawe. Hukutuambia tuteremke. Tena mimi mara mbili nimekutumia marekebisho yangu, ukayafuta ukayafanya upya kwa mkono wako. Nikajua hutaki mtu kisimani. Ova."

Hilo lilimchoma Idman, kwa sababu lilikuwa kweli. Aliyafuta. Hayakuwa mabaya. Ila tu hayakuwa yake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amechoshwa na kuulizwa kila kitu, na papo hapo asingevumilia mtu mwingine aulizwe. Afur ilikuwa ya hooyo, na yeye alikuwa ameilalia kama kuku.

Gelle akamgusa bega. "Dakika zinabita, Idman. Leo sikutozi, lakini zinabita."

"Rukiyo," akasema, "kompyuta yako iko wapi? Ova."

"Hapa mbele yangu. Imewaka. Ova."

"Noordin?"

"Ngoja nikimbie ofisini, waya wa redio unafika dirishani. Ova."

"Kila mtu achukue kalamu. Nawasomea. Mtateremka leo leo. Ova."

Na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba programu ya kompyuta ilisomwa kwa sauti juu ya taar, kutoka Garissa, mchana kweupe. Watu waliokuwa wanapita nje ya nyumba ya Gelle wakasimama.

"Tafuteni mlinzi. Mstari ule unaokataa mwaka. Una tisini na tano na alama ya chini-ya. Ova."

"Alama gani? Ova."

"Ile kama mdomo wa ndege. Ova."

"Ndege anaangalia wapi? Ova."

"Ncha yake inaelekea kushoto! Ova."

"Wangu anaangalia kulia," akasema mtu wa Balambala kwa wasiwasi.

"Huo ni mstari mwingine, usiuguse! Sasa, kabla ya mlinzi, narudia, kabla ya mlinzi, andikeni mstari mpya: mwaka ukiwa chini ya themanini, uongezee mia moja. Basi. Sifuri itakuwa mia, mlinzi ataipisha. Na kompyuta yenye betri mbovu, ya mwaka wa themanini, bado atairudisha. Ova."

"Samahani," ikaingia ile sauti ya mbali. "Mkimaliza na huyo ndege, kuna anayejua leo ngamia dume anauzwa vipi Moyale?"

"Wewe!" akanguruma Gelle.

Wakaandika. Wakabadilisha tarehe. Wakajaribu. Idman alikuwa amesimama, kipaza sauti kidevuni, kama mtu anayengoja nje ya chumba cha uzazi.

"Yangu imekataa," akasema Noordin. "Mwaka haujulikani. Ova."

"Umeweka mstari mpya wapi? Ova."

"Chini yake."

"Noordin! Umemwandikia mgeni kibali baada ya mlinzi kumfukuza. Mpandishe juu. Ova."

Kukawa na mlio wa vibonye, laana ndogo iliyogeuzwa istighfari haraka, kisha: "Imekubali! Imetoa magharibi ya Wajir, Januari mosi! Ova!" Nyuma yake Rukiyo naye akapiga kigelegele kilichoifanya redio ilie mluzi. Yake ilikuwa imekubali kitambo, alisema, ila hakutaka kumwaibisha Noordin. Balambala ikachukua muda zaidi, kwa sababu ya ndege.

Idman alipotoka kwa Gelle, mabega yalikuwa chini. Alishangaa kuyakuta huko.

Usidhani basi mambo yakawa asali. Wengine walichanga, wengine hawakuchanga. Wafanyabiashara wa mifugo, walipoelezwa kuhusu kisima, waligongana vichwa kwa haraka ya kutoa, wakajitwika dizeli ya jenereta kwa mwezi mzima. Wajir walituma fungu la karatasi, wino, na mkeka mmoja wa kijani. Misikiti miwili ya mjini ilisema italifikiria jambo hilo, na mpaka sasa bado inalifikiria. Lakini miji iligawanywa. Noordin ana Wajir na vijiji vyake. Rukiyo ana Banissa na Mandera, na kila kitu cha Kisomali ni chake, ukitaka kulalamika kuhusu neno fulani mtafute yeye. Arbia, mwalimu wa Masalani, alijitolea mwenyewe kwa upande wa kusini. Idman akabaki na Garissa na Balambala, na maswali ya Afur anayapokea Alhamisi. Siku nyingine, ukiingia na swali la jua, anakuonyesha benchi na kukuuliza unataka kupiga chapa nini.

Januari mosi ilikuwa Jumamosi. Jua lilipoanza kuteremka Idman alikuwa nyumbani Galbet, amekaa uani, na Lul anakaanga sambusa. Tende ziko tayari, uji uko tayari. Mchana watu wa Wajir na Banissa walikuwa wamekwisha kutuma habari kwamba ratiba zao zinaenda vizuri. Zikiwa zimebaki dakika chache, jirani mwenye simu akachungulia juu ya ua.

"Idman! Masalani wamepiga! Afur yao imekataa mwaka!"

Idman akainuka. Nusu. Magoti yamekunjuka kiasi, mkono mmoja umekwisha kushika shuka. Lul akaacha kukaanga, akamtazama, kijiko cha matundu hewani kinadondosha mafuta.

"Masalani ni ya nani?" akauliza Idman.

"Ya Arbia. Lakini Arbia mwenyewe ndiye aliyepiga! Yuko kwenye laini!"

Idman akafikiri. Ungeweza kumwona akifikiri. Midomo ilikuwa inacheza.

"Mwambie aangalie tarehe ya kompyuta kwanza. Kisha aangalie mlinzi. Yote ninayoyajua anayajua. Akishindwa kabisa, leo watazame jua kwa macho, na Alhamisi tutazungumza."

Akaketi.

Adhana ikaja, kwa wakati wake hasa, na Idman akala tende, akanywa maji, akachukua sambusa ikiwa bado inachoma vidole. Ilikuwa ya nyama na pilipili nyingi. Akaishika kinywani akihema kwa moto wake, machozi yakimtoka, na Lul akamcheka.

Walikuwa hawajamaliza uji jirani alipochungulia tena.

"Arbia anasema asante, amelimaliza. Ilikuwa betri. Hata anasema usijisumbue, ameshawaambia watu wa kule wote wawe wanamuuliza yeye."

"Alhamdulillahi," akasema Idman.

Akawa anageuza kikombe mkononi.

"Nini tena?" akauliza Lul.

"Hakuna. Ni kwamba..." Idman akakunja uso. "Hakuniuliza hata kama mstari ule ni sawa."

"Ya Rabbi," akasema Lul, akamsogezea sahani. "Kula."

Idman akala.